Gia boksi inavuja pale propela inapoingia. Sili imebadilishwa na bado inavuja, nifanyeje?

#1 Mwendapole
Wakuu habari za muda huu.

Gari yangu ni oto na inasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo ina propela inayopita katikati kwenda kwenye difu. Ikilala mahali, asubuhi nakuta madoa mekundu chini. Si mbele kwenye injini, ni katikati, usawa wa viti vya mbele. Nimeingia chini na tochi: mkia wa gia boksi umelowa, yoki ya propela (ncha yake inayoingia kwenye gia boksi) imelowa, na bati la sakafu juu yake limerushiwa mafuta duara nzima.

Fundi alisema sili ya mkia (mpira unaozuia mafuta yasitoke) imekufa, akaweka mpya. Ikatulia siku chache, sasa imerudi kama zamani. Safari hii anasema gia boksi imechoka, nitafute nyingine. Lakini gia zinaingia vizuri, haitelezi, haigongi ukiweka D wala R. Kabla sijakubali naomba mawazo yenu.

#2 Chuma Chakavu
Pole mkuu. Kuvuja mkiani na gia boksi kufa ni vitu viwili tofauti kabisa. Usinunue chochote kwanza. Nakaa hapa nasubiri wataalamu.

#3 Jeki Mbovu
Mbona rahisi, kuna dawa za kuzuia kuvuja. Unamimina kwenye tundu la dipstiki, unaendesha, sili zinavimba, zinabana. Mimi nilitumia na ikakata.

#4 Mama Injini
@Jeki Mbovu ile dawa inalainisha mpira na kuuvimbisha. Mpira uliokakamaa kwa uzee unaweza kutulia kwa muda. Mwenzio sili yake ni mpya, ukiivimbisha unailegeza kabla ya wakati wake. Na kama tatizo si sili, atakuwa ameweka kemikali kwenye mafuta yanayofanyisha kazi klachi na valvu za gia boksi nzima. Mleta uzi, hiyo iache.

#5 Fundi Kimya
Mwendapole, nitaandika kirefu, nivumilie.

Sili mpya ikivuja mapema namna hiyo, kuna mambo matatu. Imeharibiwa wakati wa kuifunga, au kuna kitu kinaiharibu, au haivuji kabisa na mafuta yanatoka kwingine. Hilo la tatu watu wengi hawalifikirii. Ukiona yoki imelowa unaamini sili ndiyo mkosaji, kumbe yoki inazunguka. Tone lolote likiidondokea kutoka popote, inalirusha pande zote. Dakika chache tu eneo zima linafanana, huwezi kujua chanzo kwa kuangalia.

Nijibu haya kwanza:

Una uhakika ni mafuta ya gia boksi? Wekundu peke yake hautoshi. Kulanti za magari mengi ni nyekundu au za pinki, na stelingi za magari mengi zinatumia ATF (mafuta ya gia boksi ya oto) hiyohiyo. Chukua tone uliweke kwenye maji. Kulanti itachanganyika, ATF itaelea. Halafu sugua vidoleni. ATF ni nyepesi na inateleza. Mafuta ya difu ni mazito na yananuka kiberiti, hiyo harufu ukiisikia mara moja huisahau. ATF iliyozeeka nayo inageuka kahawia, kwa hiyo usiseme ni oili ya injini kwa rangi tu.

Propela inacheza? Zima gari, liache lipoe, weka vizuizi kwenye tairi, kamata yoki karibu kabisa na mkia wa gia boksi, isukume juu na chini. Kuzunguka kidogo kushoto kulia ni kawaida, hayo ni meno. Juu na chini haitakiwi kucheza kwa kiasi cha kuona kwa macho. Ikicheza, bushi iliyo ndani ya mkia imelika, na hapo unaweza kubadilisha sili kila mwezi, zote zitavuja. Sili haibebi uzito wa shafti. Bushi ndiyo inabeba, sili inafuta tu.

Kuna mtetemo ukiwa mwendo mkubwa? Krosi (jointi ya propela) iliyokufa au propela iliyopoteza uzito wake wa balansi inapigapiga mkia muda wote. Bushi inakwenda, kisha sili.

Mafuta yamepimwa vipi, na nani, na injini ikiwa katika hali gani?

Inavuja zaidi lini, ukitoka safari ndefu au ikiwa imeegeshwa tu?

#6 Mwendapole
Asante sana mkuu, nimefanya yote.

Tone limeelea juu ya maji, halinuki kiberiti. Kulanti iko pale pale na stelingi haijapungua. Dipstiki ya gia boksi ndiyo imeshuka chini ya alama.

Yoki nimeisukuma juu na chini, sioni kitu. Nimemwita jirani aangalie mdomo wa sili wakati mimi nasukuma, naye hakuona. Mtetemo hakuna.

Kupima: fundi alipima asubuhi injini imezimwa, akaongeza.

Kuhusu lini, inadondosha zaidi nikiegesha pua ya gari ikiangalia juu. Tambarare ni matone machache.

#7 Tairi Nne
Kupima ATF injini imezimwa, gari limelala! Ndiyo maana watu wanaua gia boksi.

Pampu ya gia boksi inazunguka na injini. Ikiwaka, mafuta yanajaa kwenye konvata, kwenye mirija ya kipoza mafuta na njia zote za ndani, kwa hiyo kwenye sampu (karai la chini) yanashuka. Ukizima, sehemu yake inarudi chini na kiwango kinapanda. Ukipima wakati huo utadhani yamejaa kumbe yamepungua. Oto nyingi zenye dipstiki zinapimwa injini ikiwaka, mafuta ya moto, gari sehemu tambarare, gia kwenye P au N kama kitabu kinavyosema. Honda nyingi ni kinyume: unapasha moto, unazima, halafu unapima ndani ya sekunde 60 hadi 90. Kwa hiyo soma kitabu cha gari lako, si la jirani.

Zisizo na dipstiki zina bolti ya kipimo chini. Unafungua mafuta yakiwa kwenye joto lililoandikwa, unaongeza mpaka yaanze kuchuruzika kidogo, unafunga. Bila kusoma joto kwa mashine ya kupimia, hapo ni kubahatisha.

Na kuzidisha ni kubaya vilevile. Sehemu zinazozunguka zinayapiga mafuta mpaka yanatoa povu, povu linatafuta pa kutokea, na linatokea kwenye kipumulio juu ya gia boksi. Unaona imelowa kuanzia juu unaita fundi wa sili.

#8 Fundi Kimya
@Tairi Nne umemaliza hilo. Nikazie kipumulio, maana kinasahaulika.

Mafuta yakipata moto yanatanuka, hewa ya ndani nayo inatanuka. Kipumulio kikizibwa na tope, au na ile rangi nyeusi inayopigwa chini ya gari kuzuia kutu, presha inapanda na kutafuta sehemu dhaifu. Dalili yake ni kuvuja baada ya safari ndefu na mara nyingi sehemu zaidi ya moja kwa pamoja. Kama kina mrija, uchomoe upulize kwa mdomo. Usiweke upepo wa kompresa kwa nguvu, utasukuma sili zenyewe.

Mwendapole, kwa majibu yako bushi naiweka pembeni. Kuvuja zaidi ukielekeza pua juu kunasema chanzo kiko kwenye mkia kweli, maana mafuta yanakimbilia nyuma. Lakini mkia hauna sili peke yake. Fanya hivi.

Osha. Siyo kufuta na kitambaa, osha kwa dawa ya grisi na brashi kuanzia juu ya gia boksi mpaka kwenye yoki na bati la sakafu, suuza, liache likauke kabisa. Funika soketi za waya kwanza. Usipige maji kwenye ekzosti ya moto.

Likikauka, paka poda nyepesi nyeupe mkia wote: juu, pembeni, kuzunguka sili, kwenye ungio la mkia na gia boksi, na kuzunguka kila kitu kilichochomekwa pale. Endesha kidogo tu mpaka mafuta yapate moto. Usiende mbali, ukienda mbali upepo na yoki vitachanganya kila kitu tena na kazi yote imepotea. Rudi, egesha, pandisha kwenye stendi mbili au rampu, jeki peke yake haibebi roho ya mtu. Angalia poda imelowa wapi juu kabisa na mbele kabisa. Mafuta yanashuka kwa uzito na yanasukumwa nyuma na upepo. Kwa hiyo sehemu ya juu na ya mbele zaidi iliyolowa ndiyo iliyo karibu na chanzo, hata kama chini yake kunadondosha zaidi.

Poda ikishindwa, kuna rangi maalumu ya ATF inayomulikwa kwa taa ya urujuanimno (UV). Inang'aa njano au kijani pale inapotokea. Lakini kwa mkia wa propela poda mara nyingi inatosha.

#9 Dada Spana
Samahani kuingilia uzi wa mtu, ila yangu inafanana. Mimi ni gari ya mbele, yaani inavutwa na tairi za mbele, injini imelala kwa upande, gia za mkono. Nilibadilishiwa buti (mpira unaofunika) la jointi ya ndani upande wa kulia, tangu hapo kuna mafuta pale shafti inapoingia kwenye gia boksi. Si mekundu, ni kama asali na yananuka. Nimeambiwa "ni grisi ya jointi, itaisha yenyewe".

#10 Mama Injini
Karibu dada, hujaingilia, ni ugonjwa mmoja sehemu tofauti.

Grisi ya jointi ni nzito, nyeusi au ya kijivu, haidondoki matone. Buti likipasuka inarushwa na kuganda kwenye mikono ya sospensheni na ndani ya rimu. Kinachodondoka, chepesi, cha rangi ya asali na kinachonuka kiberiti ni mafuta ya gia, na hayataisha yenyewe mpaka yaishe yote. Gia boksi nyingi za mkono hazina dipstiki, kwa hiyo hutajua yamekwisha mpaka usikie inalia.

Kwa kuwa imeanza baada ya shafti kutolewa, mambo ni machache. Meno ya ncha ya shafti yamekata mdomo wa sili wakati wa kurudisha, hilo ndilo la kwanza kulishuku. Au shafti haijaingia mpaka mwisho, ile klipu ya ncha haijadaka, hivyo sehemu laini ya shafti haijakaa sawasawa kwenye mdomo wa sili. Au sili ilibadilishwa ikapigwa upande.

Anza na klipu maana haina gharama. Linganisha nafasi kati ya kikombe cha jointi na mwili wa gia boksi, na kama unaweza kupata picha ya gari la aina hiyo likiwa zima, bora zaidi. Kikombe chenyewe ukikivuta kwa mkono kisitoke. Usivute kwa kushika shafti katikati! Jointi ya ndani imetengenezwa iweze kuingia na kutoka, ukivuta hapo inachomoka ndani ya buti na umejiongezea kazi.

Kama ni sili, sisitiza mambo haya: sili ya kushoto na ya kulia si lazima zilingane, na nyingine zina mshale wa mwelekeo wa kuzunguka. Mdomo upakwe mafuta ya gia kabla ya shafti kuingia. Ile springi ndogo ya nyuma ya mdomo isiruke wakati wa kugonga, ikiruka sili hiyo ni takataka. Igongwe kwa kitu cha duara kinacholingana nayo, mpaka kina kilekile ilichokuwa ya zamani. Na shafti iingie ikiwa imenyooka katikati, imeshikiliwa kwa mikono, isilalie sili.

#11 Fundi Kimya
Nakazia kwa Dada Spana na kwa yeyote anayesoma: ukitoa shafti moja kwenye gari la mbele, au propela kwenye gari la nyuma, gia haishiki gari tena. P haishiki, gia ya kwanza haishiki. Kwenye la mbele difu inauzungusha upande uliotolewa, kwenye la nyuma tairi hazijaungana na gia boksi hata kidogo. Vizuizi kwenye tairi kwanza, hendibreki, ndipo uingie chini.

#12 Jeki Mbovu
Hilo la P sikulijua. Hivi kwani anaweza kuendelea kuendesha wakati anatafuta?

#13 Tairi Nne
Matone machache, na kipimo kiko sawa, anaweza kuzunguka karibu na nyumbani. Akiweka D na gari linachelewa kushika, au mzunguko wa injini unapanda na gari haliendi, au anasikia mlio mwembamba wa pampu, asimame hapohapo. Mafuta yakipungua pampu inavuta hewa, presha inashuka, klachi zinateleza na kuungua. Hapo ndipo kuvuja kunageuka kuwa gia boksi mbovu. Jambo jingine ni ekzosti. Kwenye magari ya propela bomba linapita karibu sana na mkia, na ATF inayodondokea bomba la moto inaweza kushika moto. Ukisikia harufu ya kuungua, pumzika.

#14 Mwendapole
Wakuu nimerudi.

Nimeosha, nimepaka poda, nimezunguka kidogo nikarudi. Mdomo wa sili mkavu. Poda imebaki nyeupe kuizunguka yote. Ungio la mkia nalo kavu. Iliyolowa ni ubavuni juu, kuna kisensa kimefungwa kwa bolti moja, kina soketi ya waya. Poda pale imegeuka pinki, na kuna njia nyembamba ya mafuta inashuka kutoka pale inafuata ukingo mpaka juu ya sili, halafu inadondokea yoki. Nimechomoa soketi, ndani kuna mafuta mekundu kwenye pini.

Hiki ni nini?

#15 Fundi Kimya
Sensa ya spidi. Magari ya zamani pale ndipo kebo ya spidomita inapoingia, ya baadaye yana sensa ya umeme. Inaingia ndani ya mkia na kwa nje inazibwa na oringi (pete ya mpira). Oringi ikikauka na kukakamaa, mafuta yanatoka kuzunguka shina lake. Kwa kuwa imekaa juu ya sili, kila aliyechungulia aliona sili.

Lakini wewe una mafuta ndani ya soketi, na hapo oringi peke yake haitoshi. Oringi iko nje ya shina. Mafuta kufika kwenye pini maana yake yamepenya katikati ya sensa yenyewe. Badilisha sensa na oringi pamoja. Safisha soketi ya waya kwa dawa ya umeme, angalia kama mafuta hayajapanda ndani ya waya, maana yanaweza kusafiri ndani ya mpira wake mbali kuliko unavyofikiri.

Wakati wa kutoa, safisha kwanza eneo lote, mchanga usiingie mkiani. Usikichokonoe na bisibisi, kizungushe kidogo kushoto kulia huku unavuta, vingi vimegandia. Oringi mpya ipake ATF. Ukubwa uwe uleule, usiweke "inayokaribiana". Na silikoni usiweke, kipande kikiingia ndani kitaziba njia ya mafuta.

Sili ya fundi wako iache ilivyo, inafanya kazi. Na usimlaumu sana, ya kwanza inawezekana ilikuwa imekufa kweli. Mbili zinaweza kuvuja pamoja.

#16 Chuma Chakavu
Gia boksi nzima ilikuwa inunuliwe kwa ajili ya kisensa na kipete cha mpira 😂

#17 Mwendapole
Sensa na oringi vimewekwa. Nimeosha tena, nimepaka poda tena, safari hii nimekwenda mwendo mrefu. Mkia mkavu, hata nikiegesha pua juu. Kipimo nimefuata kitabu, injini inawaka, mafuta ya moto, nimeongeza kidogo kidogo aina iliyoandikwa kwenye dipstiki. Na sindano ya spidi ilikuwa inarukaruka mara mojamoja, sikuwa nimeihusisha na hili, sasa imetulia. Mbarikiwe sana.

#18 Dada Spana
Yangu shafti ilikuwa haijaingia vizuri kama Mama Injini alivyosema. Kikombe kimesukumwa, klipu ikadaka kwa mlio. Ila bado inatoa jasho, fundi ametoa shafti tena na mdomo wa sili umechanika sehemu moja. Tunasubiri sili ya upande wa kulia, nimemwonyesha ile habari ya mshale.

#19 Mama Injini
Vizuri. Kabla shafti haijarudi, apitishe ukucha kwenye sehemu laini inapokaa sili. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitadumu. Ama shafti ibadilishwe, ama ivalishwe ganda jembamba la chuma linalotengenezwa kwa kazi hiyo, kama lipo la saizi hiyo. Na mafuta yarudishwe mpaka usawa wa tundu la kujazia, gari likiwa tambarare.

#20 Tairi Nne
Wenye magari yanayosukumwa na tairi zote nne, jambo moja msilichanganye na haya. Kati ya gia boksi na transfa (boksi linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma) kuna sili ya ndani. Ikifa, hakuna tone chini, lakini gia boksi inapungua na transfa inazidi, mpaka transfa inaanza kutema kwenye kipumulio au sili zake. Ukifungua bolti ya kujazia ya transfa na mafuta yakamwagika kwa wingi yakiwa mekundu wakati yalitakiwa kuwa ya asali, umepata jibu.

#21 Bolti Moja
Nimesoma uzi wote. Yangu ni ya propela, haivuji popote, ila ikifika mwendo wa barabara kuu sakafu inatetemeka, na nikitoa D kwenda R kunasikika "kwap". Nisubiri ianze kuvuja?

#22 Fundi Kimya
Usisubiri. Hiyo "kwap" anza kuitafuta kwenye krosi. Gari likiwa limezimwa na tairi zimezuiwa, shika pande mbili za krosi, zungusha kila mkono upande wake. Ikicheza, au ukiona unga wa kutu kuzunguka vikombe vyake, imekufa. Kabla propela haijatoka, piga alama ya rangi kwenye flenji ya difu na ya propela irudi ilivyokuwa, la sivyo balansi inaweza kuharibika. Andaa na kizibo cha mkia, yoki ikitoka mafuta yanaifuata. Ukishaitoa, hapohapo angalia bushi na sehemu ya yoki inayokaa sili, maana krosi imekuwa ikiipiga kwa muda wote huo. Tuambie utakachokuta.